Pigo Moja Huanzisha, Mzunguko Huendeleza

Tuseme dereva wa trela yuko kwenye foleni ya Malaba akisubiri kuvuka kwenda Uganda. Moyo unamwenda mbio. Zahanatini muuguzi anamhesabia mapigo: 150 kwa dakika. Anapumzishwa nusu saa, anahesabiwa tena: 150 vilevile. Moyo unaokimbia kwa hofu au homa hupanda na kushuka. Huu umeganda kwenye nambari moja. Muuguzi mzoefu hushuku atria flata, yaani mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, na kumtuma akapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Kwa kawaida kila pigo huanzia sehemu ndogo iliyo juu ya chumba cha juu cha kulia. Wimbi la umeme husambaa, kisha huzimika, maana msuli uliokwisha kupitiwa lazima upumzike kidogo kabla ya kuitikia tena.

Flata huanza pale pigo moja linapochomoza kabla ya zamu yake. Upande mmoja likikuta msuli haujapumzika, huzuiwa. Hupita upande wa pili pekee. Huizunguka vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia, likikatiza ukanda mwembamba ulio kati ya vali hiyo na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka tumboni na miguuni. Hapo umeme hutembea polepole, na kuchelewa huko ndiko kunakolipa uhai: wimbi linaporudi lilikoanzia, msuli uliolizuia umeshapumzika, nalo hupita tena. Mzunguko mmoja huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde, yaani mara 300 kwa dakika. Pigo la kwanza limekwisha zamani. Njia ndiyo inayoendeleza.

Mbona basi mkononi ni 150? Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna kifundo kinachofanya kazi kama geti la mpakani: hupitisha wimbi moja, la pili likabaki nje.

Chumba cha juu kilichotanuka huupa mzunguko nafasi. Hutanuliwa na presha, maradhi ya mapafu, au vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo bado inasumbua Kenya na Uganda na huanzia kwenye maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa.

Tiba nazo hugawanyika kufuatana na kinacholengwa: geti, mzunguko au njia. Vidonge vya kupunguza kasi hubana geti tu. Mshtuko wa umeme huvunja mzunguko, lakini njia hubaki. Kuuunguza ule ukanda kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena huziba njia yenyewe. Hiyo ni kazi ya mabingwa wa moyo, si ya zahanati.

Kwa hiyo mgonjwa wa Busia ambaye vidonge vimeshusha mapigo yake hadi 75 asijihesabu kuwa amepona. Sabini na tano ni robo ya 300: huenda geti linapitisha wimbi moja kati ya manne, huku juu mzunguko ukiendelea na damu ikituama. Damu iliyotuama huganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Kabla ya kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda, aombe ECG nyingine na amsikilize daktari wake.