Dira Inapozunguka Ilhali Koki Zimefungwa
Katika miteremko ya Lushoto, maji yanayoshuka kwa mserereko huongezeka msukumo kadiri nyumba ilivyo chini. Kiungo dhaifu huvuja kimyakimya, na dalili ya kwanza huonekana kwenye dira. Ukishuku mvujo, tunashauri usubiri simtanki lijae, ufunge koki zote, kisha uandike tarakimu zote za dira, zikiwamo nyekundu. Zisome tena baada ya dakika 30. Zikibadilika, tia rangi ya chakula katika tangi la choo. Ikijitokeza kwenye sinki la choo kabla hujamwaga maji, mpira wa tangi umechakaa. Isipojitokeza, mwite fundi akague mabomba. Tunakumbusha kuwa maji yaliyopita dira hulipiwa na mteja, hata yakipotelea ardhini. Mvujo ulio kabla ya dira, iarifu mamlaka ya maji mara moja.