Makala ya matope ya vyoo: kazi yake haiishie ku shamba

Tukisikia neno biochari wengi wetu tunawaza shamba tu: unachoma mabaki bila hewa ya kutosha, unapata makala, unayachanganya na udongo. Ni kweli. Lakini biochari ya matope ya vyoo iko na tabia yake, na mara nyingine shamba siyo mahali pake.

Juu ya nini? Matope ya muji yanabeba pia maji ya garaji na ya viwanda. Ukiyachoma kwa digrii 500, vijidudu vinakufa, lakini madini kama zinki, shaba na risasi mengi yanabakia mu makala, tena yamesongamana zaidi. Uswisi ilikataza kutia matope hayo ku mashamba tangu 2006. Basi tuyatumie wapi?

1. Moto. Goma tunapikia makala, na mengi yametoka mu pori la Virunga. Makala ya matope yanaweza kusaidia, ila yako na majivu mengi, mara nyingi kupita nusu ya uzito, kwa hiyo joto lake ni dogo. Yanafaa kuchanganywa na mabaki ya mimea. Kule Naivasha, Kenya, kampuni Sanivation inachanganya taka za vyoo zilizosafishwa kwa joto na taka za mimea, inauzia viwanda kama kuni.

2. Harufu. Hapa majivu yaleyale yanageuka faida. Kalsiamu na chuma vilivyo ndani vinakamata ile gazi ya kunuka kama yai bovu, yenye inakula motere za biogazi. Makala hayo yanakamata pia rangi mu maji machafu ya viwanda. Ya kunywa, hapana, mpaka labo ihakikishe kama madini hayatoki.

3. Ujenzi. Mu beto, unga wa makala unaweza kushika nafasi ya sehemu ndogo ya simenti, na kaboni inabakia imefungwa humo. Ukizidisha, beto inalegea. Mu matofali ya kuchoma ni tofauti: kaboni inaungua, inaacha vitundu, tofali linakuwa jepesi lakini nguvu inapungua.

Kizuizi kikubwa ni maji. Chukua kilo 1.000 za matope yenye maji asilimia 80: vikavu ni kilo 200, na makala utapata karibu kilo 100. Kuwasha moto ili kutoa kilo 800 za maji ni hasara. Ndiyo maana inafaa kuanika kwanza ku jua, na kutumia gazi inayotoka mu tanuru kwa kumalizia kukausha. Logan, kule Australia, iko na kiwanda chenye kukausha matope kwa joto la gazi ya tanuru tangu 2022.

Goma haina mabomba ya kukusanya maji machafu, na mawe ya volkano yanafanya kuchimba shimo la choo kuwe kazi ngumu. Shimo likijaa, lazima matope yaende pahali. Matope ya mashimo yako na muchanga na plastiki mingi, kwa hiyo hesabu za Ulaya haziwezi kutumika hivi hivi.

Mwenye anatafuta mada ya TFC, maswali matatu yanamungojea: matope yetu yako na madini gani, yanakauka kwa siku ngapi, na nani atanunua? Kutafuta tanuru kunakuja nyuma.