Nani Kala Kifurushi Changu?

Ndugu msomaji, si desturi yangu kujizungumzia mbele ya kipaza sauti. Wiki hii naomba uniwie radhi, maana jambo lenyewe lilinikuta mimi kabla sijajua kwamba limewakuta wengi.

Ilikuwa jioni moja ya Julai. Wenyeji wa Sumbawanga wanaijua Julai ya Ufipa. Tuko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, na mgeni aliyetoka Dar es Salaam analala na koti lake. Nilikuwa nimerudi kutoka Laela na sauti za wakulima waliokaa na magunia yao ya mahindi kwa siku 4 wakisubiri mzani. Wengine walilala juu ya magunia hayo hayo. Niliwaahidi kwamba kesho yake asubuhi wangejisikia redioni. Mama mmoja mtu mzima akanitazama akaniuliza, "Kweli mwanangu, au ndiyo yale yale?" Nikamjibu, "Kweli mama."

Sauti zenyewe hazikuwa nzito, MB 40 hivi. Nilinunua kifurushi cha GB 2, kikubwa mara nyingi kuliko nilichohitaji, nikafungua hotspoti ya simu, nikaunganisha laptopu, nikaanza kukata na kuunga. Nilifanya kazi kama saa moja na nusu. Kabla sijabonyeza pa kutuma, simu ikalia: kifurushi chako kimekwisha. Sikuwa nimetuma hata sekunde moja. Nikadhani ni kosa la mtandao, nikanunua kifurushi cha pili. Nacho kikaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu. Nikasema basi, niizime kompyuta niiwashe upya. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Ikaniandikia kwamba inaweka mambo mapya, nisiizime, imefika asilimia 3. Baada ya muda mrefu ikafika 27. Umeme ukakatika, na betri yangu, ambayo umri wake si mdogo, ikashika kwa dakika chache ikakata tamaa.

Taarifa ya asubuhi ikasomwa bila Laela.

Sitataja laptopu yangu inatumia mfumo wa nani wala simu yangu ni ya mtandao upi, kwa sababu nilipoanza kuuliza nilikuta utaratibu ni ule ule kwa karibu kila aina, na tena sehemu ya uzembe ilikuwa yangu. Hebu tutazame kilichokuwa kinatokea.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoendesha programu nyingine zote. Wataalamu wa Kiswahili wanaiita mfumo endeshi. Programu hiyo imeandikwa na binadamu, kwa hiyo ina makosa, na mengine ni matundu ambayo mwizi anaweza kupitia. Mtengenezaji anapogundua tundu anaandika kiraka, anakiweka kwenye mtandao, na mashine yako inakwenda kukichukua yenyewe. Hayo ndiyo masasisho, au kama tunavyosema mitaani, apdeti. Kampuni ya Microsoft, yenye mfumo wa Windows, tangu Oktoba 2003 imejiwekea Jumanne ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya kutoa viraka. Huvitoa saa 4 asubuhi kwa saa za kwao, jimbo la Washington, Marekani. Kwetu hapo ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea wamesogeza saa zao au hawajasogeza. Yaani wakati tunasikiliza taarifa ya habari, shehena inaanza kupakuliwa.

Sasa swali la msingi: kwa nini inapakua bila kuuliza? Jibu nililipata kwa kijana mmoja fundi wa kompyuta hapa mjini. Ananiita mzee, ingawa niko kwenye arobaini tu.

"Mzee, hiyo mashine haijui kwamba unanunua kwa kipimo," aliniambia. "Yenyewe imeona waifai. Na waifai kwake maana yake ni bure."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mashine hizi zimebuniwa na watu ambao nyumbani kwao mtandao unafika kama maji ya bomba. Wanalipa kwa mwezi, wakifungua saa 24 ni sawa, wakifunga ni sawa. Sisi wengi tunanunua mtandao kama maji ya ndoo. Unahesabu: hii ya kupikia, hii ya kuoga, iliyobaki ya watoto. Sasa simu inapofungua hotspoti, laptopu haioni ndoo. Inaona bomba. Kwa hiyo inafungulia mpaka mwisho.

Na ndoo yenyewe si ndogo kwa anayeibeba. Mwaka 2015, Microsoft ilipotoa Windows 10 tarehe 29 Julai, watu waliokuwa wakitumia matoleo ya zamani walikuta faili lenye uzito wa kati ya GB 3.5 na 6 limejipakua na kujificha kwenye mashine zao, na miongoni mwao walikuwamo ambao hawakuomba toleo jipya hata kidogo. Kampuni ilikiri Septemba mwaka huo kwamba ndivyo ilivyofanya, ikajitetea kwamba ni kwa mashine zilizokuwa zimeruhusu masasisho ya moja kwa moja. Piga hesabu mwenyewe. Mtandao wenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde unahitaji karibu saa 8 kushusha GB 3.5. Na ukiwa na kifurushi cha siku, siku yako imekwenda.

Toleo hilo la 2015 lilikuwa na kituko kingine. Mashine iliyokwisha kupakua kiraka iliweza kukigawa vipande vipande kwa kompyuta nyingine kwenye mtandao, hata za watu usiowajua. Umenunua ndoo yako Sumbawanga, mashine inamgawia jirani aliyeko Ulaya.

Usidhani ni sisi maskini tu tulioumia. Mwaka 2016 wakala mmoja wa safari huko California aliipeleka kampuni hiyo mahakamani, akidai kwamba kompyuta yake ya kazi ilijaribu kujibadilisha yenyewe, ikashindwa, ikabaki goigoi. Akashinda dola 10,000. Kampuni ilikana kosa, lakini ikaacha kukata rufaa ili isiendelee kutumia fedha kwenye kesi. Mwaka huo huo zikaja habari kutoka karibu zaidi na kwetu, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika hifadhi ya Chinko, wanaolinda wanyama dhidi ya majangili wanatumia mtandao wa setilaiti, ambao ni ghali kupita kiasi. Kompyuta yao moja ikaanza kuvuta Windows 10 katikati ya pori. Hofu yao haikuwa fedha peke yake. Walijiuliza ingekuwaje kama mashine ingejizima ili kujisasisha wakati askari wa wanyamapori wako mbele ya majangili wenye silaha za kivita na wanategemea maelekezo kutoka kambini.

Kelele hizo zilileta mabadiliko, polepole. Agosti 2016 ziliwekwa saa za kazi, ambazo mashine haitajizima na kujiwasha yenyewe. Kwa kawaida ziliwekwa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nilicheka nilipoambiwa. Hizo ni saa za karani wa mjini. Mwandishi wa habari anafanya kazi usiku, na mwenye steshenari anapata wateja wake jioni wanafunzi wanapotoka shule. Unaweza kuzibadili, lakini wangapi wanajua? Mei 2019 hata watumiaji wa nyumbani, ambao hapo mwanzo hawakuwa na ruhusa ya kukataa, waliruhusiwa kusimamisha masasisho hadi siku 35.

Nimetaja steshenari. Kuna dada mmoja ana duka la namna hiyo, kompyuta 4, anawachapia watu barua na kuwajazia vijana maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu. Nilipomsimulia kisa changu alinikatiza.

"Kaka, wewe unayo moja. Mimi zangu nne zinaamka asubuhi kwa pamoja, zote zinaanza kunywa."

Akaniambia juu ya siku ya mwisho ya maombi. Watoto kumi na kitu wamesimama mlangoni na vyeti vyao mkononi, wengine wametoka Matai na Namanyere kwa nauli ya kuazima, na kurasa hazifunguki. Alidhani tovuti imezidiwa na watu. Huenda nayo ilizidiwa. Lakini mashine zake nne zilikuwa zikipakua faili lile lile, kila moja kivyake, mara nne, kwa simu moja. Binti mmoja hakuwahi. Yule dada hakuniambia alikuja kuwaje baadaye, nami sikumwuliza zaidi, maana niliona hapendi kuendelea.

Baada ya kusikia haya yote, mtu anaweza kusema dawa ni kuyaua masasisho kabisa. Kijana wangu fundi anasema wateja wengi humwomba hivyo, na mafundi wengine huwafanyia kwa elfu chache. Hapa mimi siwaungi mkono, na nina sababu. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la hatari. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Ilikadiriwa kwamba miadi 19,000 ilifutwa. Kiraka kilikuwepo. Mashine zilizoumia hazikuwa zimekiweka. Na kirusi hakihitaji ruhusa ya kifurushi chako.

Kwa hiyo lawama yangu haiko kwenye kiraka. Iko kwenye namna kinavyoingia. Fundi wa kurekebisha komeo la mlango anahitajika, lakini hodi naye apige, na bei ya misumari aitaje kabla hajafungua pochi yako.

Sasa, mbinu. Kwenye laptopu yenye Windows, ukishaunganisha hotspoti yako, ingia kwenye setingi, sehemu ya mtandao, bonyeza jina la hotspoti hiyo. Utakuta kitufe cha kuiambia mashine kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukikiwasha, sehemu kubwa ya masasisho itasubiri. Si yote, baadhi ya yale inayoyaona ya lazima yanaweza kupenya, na programu za kuzuia virusi zina mambo yake. Angalia pia kwamba kitufe hicho ni cha hotspoti hiyo moja. Siku ukiazima simu ya mwenzako, mashine inaona jina jipya, inadhani imepata bomba tena. Mimi hilo limenipata mara ya pili, na safari hii nilikuwa na elimu yote hii kichwani.

Kwenye simu, duka la programu lina sehemu ya kuchagua kwamba programu zijisasishe kwenye waifai tu. Ni vizuri, isipokuwa waifai yenyewe ikiwa ni hotspoti ya mke wako. Mwenye mashine kadhaa, kama yule dada, anaweza kuruhusu zigawane faili humo humo dukani, moja ichukue na nyingine zichote kwake. Yeye sasa anafungulia Jumapili baada ya ibada, mashine zote zinakunywa zinashiba, Jumatatu anafanya kazi.

Aprili 2021 nchi nzima ilipiga kelele vifurushi vilipobadilishwa bei, hadi serikali ikasitisha bei mpya. Tulikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini sikusikia mtu akiuliza, katika hicho tunachonunua, ni kiasi gani kinatumiwa na sisi na kiasi gani kinatumiwa na mashine peke yake usiku. Mamlaka ya Mawasiliano ingeweza kuwauliza wauzaji wa kompyuta swali hilo. Kuiweka mashine katika hali ya kipimo kabla mteja hajaondoka dukani ni kazi ya dakika moja.

Na kwa wenye kompyuta za zamani liko jambo jipya. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena viraka vya bure kwa utaratibu wa kawaida, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Toleo la 11 linakataa mashine nyingi za zamani kwa kukosa vifaa vya ndani linavyovitaka. Wengi tuliokuwa tukilalamika kwamba viraka vinatujia kwa wingi sasa tunaanza kukaa bila kiraka, kwenye mashine zile zile.

Nilirudi Laela wiki iliyofuata. Magunia yalikuwa yameshapimwa na uwanja ni mtupu, mabua na kuku tu. Yule mama nilimkuta kwake anapepeta ulezi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema walikaa na redio tangu alfajiri. Nikamweleza kama nilivyokuelezeni, kwa kifupi.

"Kwa hiyo kompyuta yako ndiyo iliyokula."

"Ndiyo mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nimekaa mbele yake.