Maada ya Giza: Kwa Nini Kutoona Kitu Nako ni Matokeo

Takriban asilimia 85 ya maada yote iliyomo katika ulimwengu haijulikani imeundwa na nini. Haitoi mwanga wala haiuzuii kupita. Kwa sababu hiyo wanasayansi wameipa jina la maada ya giza.

Uwepo wake hutambulika kutokana na nguvu yake ya mvutano. Mwaka 1933 mnajimu Fritz Zwicky alibaini kuwa galaksi za kundi la Coma zinakwenda kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba maada inayoonekana peke yake isingeweza kuzishikilia pamoja. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford wa Marekani waliipima galaksi ya Andromeda na kukuta sehemu zake za pembezoni zikizunguka bila kupungua kasi kama ilivyotarajiwa.

Pamoja na ushahidi huo, chembe yenyewe haijawahi kuthibitishwa. Nadharia iliyopewa uzito kwa miaka mingi ni ya WIMP, yaani chembe nzito ambazo ni nadra mno kuathiriana na maada ya kawaida. Iwapo nadharia hiyo ni sahihi, chembe hizo hupita ndani ya Dunia na miili ya watu bila kuacha alama, na mara chache sana moja hugonga kiini cha atomu.

Mgongano huo ndio unaosakwa na jaribio la LUX-ZEPLIN, lililopo takriban kilomita 1.5 chini ya ardhi katika uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, jimbo la South Dakota, Marekani. Miamba iliyo juu yake huzuia sehemu kubwa ya miale ya anga za juu, ambayo ingeifunika ishara hafifu inayotafutwa. Kigunduzi kina tani 10 za zenoni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Kiini cha zenoni kikigongwa, hutokea mmweko mdogo wa mwanga; kisha elektroni zilizong'oka huvutwa juu na kusababisha mmweko wa pili. Kwa kulinganisha mimweko hiyo, wataalamu hujua mahali mgongano ulipotokea na aina ya chembe iliyohusika.

Mwezi Agosti 2024, kutokana na takwimu za siku 280, watafiti walitangaza kuwa hawakuona dalili ya WIMP. Hata hivyo, kazi hiyo haikuwa bure. Kila jaribio lisilopata ishara hufuta baadhi ya uwezekano ulioruhusiwa na nadharia, hivyo wananadharia hulazimika kurekebisha hesabu zao au kuelekea kwenye chembe nyingine, zikiwemo aksioni, ambazo ni nyepesi mno.

Historia ya mgodi huohuo inatoa mfano. Kuanzia miaka ya 1960, Raymond Davis alihesabu humo nyutrino zitokazo kwenye Jua na kupata takriban theluthi moja tu ya idadi iliyotabiriwa. Wengi walidhani kipimo kina kasoro. Baadaye ilithibitika kuwa kipimo kilikuwa sahihi: nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, na kifaa chake kilinasa aina moja tu. Mwaka 2002 Davis alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.