Kibao cha Mbuzi na Mwanafunzi wa Tiba Kazi

Mwanafunzi anayesomea usaidizi wa tiba kazi anaweza kukariri misuli yote ya bega, kisha akakwama mbele ya mama wa Bagamoyo aliyepata kiharusi na ambaye haja yake ni moja tu: akune nazi mwenyewe. Kwa wanaosomea utaalamu kamili, Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi linataka saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kwa vitendo. Nchini kwetu fani hii imefundishwa kwa miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, lakini shughuli za nyumbani za Moshi si zote zinazofanana na za pwani. Kwa hiyo, ukipangiwa huku pwani, anza kwa kuuliza: "Shikamoo bibi. Kabla hujaugua, asubuhi ulikuwa ukianza na kazi gani?"

Akitaja nazi, kaa wewe kwanza kwenye kibao cha mbuzi, ukune. Utagundua kwamba unakaa chini sana, kiwiliwili kimeinama mbele, mikono yote miwili inakandamiza na kuzungusha kifuu kwenye meno ya chuma. Sasa pima kila hatua kwa mgonjwa wako. Je, anaweza kuinama bila kuanguka? Vidole vinafumbata? Muhimu kuliko yote, mkono una hisia? Mkono wenye ganzi hukatwa na meno ya mbuzi na mwenyewe asijue mpaka aone damu. Kama hisia hazipo, mbuzi isubiri. Aanze kuchuja tui au kupepeta mchele. Kama zipo, mbuzi ifungwe imara kwenye benchi la juu zaidi, naye akune kidogo kidogo. Huku kuichambua kazi na kuipunguza uzito ndiko kiini cha fani yetu, na hakuna kitabu kitakachokufanyia.

Mikono yako nayo ifundishwe. Fanyeni mazoezi wenyewe kwa wenyewe kabla ya kumgusa mgonjwa. Usimwinue mtu kwa kumvuta mkono uliopooza, kwa sababu misuli imelegea na bega huweza kuteguka. Weka kiti cha magurudumu upande wenye nguvu, funga breki, nyayo zikanyage sakafu, ainame mbele ndipo asimame. Akivaa dera, mkono dhaifu huingia kwanza. Akivua, hutoka mwisho.

Tathmini na mpango wa tiba ni vya mtaalamu. Wewe unautekeleza na kumpa taarifa, na hapo ndipo ninapoona wanafunzi wengi wakilegea. "Anaendelea vizuri" haimwambii mtaalamu chochote. Andika: "Amekuna nusu ya nazi akiwa kwenye benchi, amepumzika mara mbili, mkono wa kushoto umeteleza kila alipozungusha kifuu." Kwa maneno hayo mtaalamu anajua kesho abadilishe nini.