Hisabati Dhidi ya Mimea Vamizi (2): Tuanze Kung'oa Wapi?

Wiki iliyopita tuliona jinsi mlinganyo wa ukuaji unavyokadiria kasi ya gugu kuenea. Leo tugeukie mfuko: fedha zikiwa haba, tuanze kung'oa wapi?

Chukua mathenge, mti ulioletwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Maganda yake yana sukari na mbuzi huyapenda, ingawa huwaharibia meno. Mwaka 2006 wakazi walimfikisha mahakamani mbuzi kibogoyo awe ushahidi wa madhara hayo. Mbuzi akila ganda hapa, mbegu hutoka na kinyesi mbali na hapo, na kichaka kipya kikaanza. Ndiyo maana uvamizi huwa na pori kuu pamoja na vichaka vidogo vilivyotapakaa.

Wengi hulikimbilia pori kuu. Mwaka 1988 watafiti Moody na Mack walionyesha kwa modeli ya hisabati kwamba vichaka ndivyo vya kuwahi. Tukokotoe wenyewe. Tuseme pori kuu ni duara la hektari 100, na vipo vichaka 100 vya mviringo, kila kimoja hektari moja. Vyote vinapanuka mita 10 kwa mwaka kila upande. Pori litaongeza hektari 3.6, vichaka kwa jumla vitaongeza zaidi ya 38. Eneo ni lile lile, ila gugu hupanukia ukingoni, na kingo za vichaka zikijumlishwa ni ndefu mara kumi.

Sasa tuna fedha za kung'oa hektari 10. Tukizipunguza porini, upanuzi wa mwaka unaofuata utapungua kwa hektari 0.18 tu. Tukimaliza vichaka 10, utapungua kwa 3.86, zaidi ya mara ishirini.

Kweli, vichaka sharti vitafutwe, na kuzunguka nyikani kuna gharama. Nayo huingizwa kwenye hesabu: kwa tarakimu zetu, hata kichaka kikigharimu mara kumi ya hektari ya porini, bado kinashinda katika kuzuia ueneaji. Sharti ni kukimaliza, kwa kuwa mathenge uliokatwa juu juu huchipua tena.

Wiki ijayo: mbegu hubaki hai udongoni kwa miaka. Je, palipong'olewa parudiwe mara ngapi kabla ya kusitisha matumizi?