Pikapu Kuukuu na Swali la "Oili"

Pikapu ya Peugeot 504, iliyowahi kubeba mboga, maziwa na hata maharusi nchini, ingali yaonekana nyuma ya nyumba kadhaa, magurudumu yamezama ardhini. Anayetaka kuifufua hana budi kuwa na subira. Injini iliyolala miaka mingi haipigwi stata papo hapo. Kwanza plagi hutolewa, oili kidogo ikatiwa katika kila silinda, kisha injini ikazungushwa polepole kwa mkono, isije pistoni iliyoshikwa na kutu ikavunja kitu. Petroli iliyoharibika nayo humwagwa, na tangi likasafishwa.

Lakini ni katika breki ambapo lugha yaweza kuua. Aghalabu gerejini kila kiowevu huitwa "oili". Kiowevu cha breki hufyonza unyevu wa hewa, na ndiyo sababu hubadilishwa chote. Oili ya injini ikitiwa mahali pake huvimbisha mipira ya silinda za breki. Mwanagenzi aliyeambiwa tu "tia oili" afanyeje?

Wapo wenzangu wanaoyaonea haya maneno kama jeki, spana na gia. Mimi siyaonei, yamekwisha kupata irabu mwishoni na kuingia katika ngeli bila kungoja kamati yoyote. Kinachokosekana ni kupambanua maana. Mwalimu na ampeleke mwanafunzi gerejini na daftari, aziandike hatua hizi, kisha fundi asomewe. Pale fundi atakapouliza "oili ipi?", hapo ndipo wino mwekundu utiwe.